Tundu la Waya

Qurus, Karatu
Jumapili, 2 Machi 2025

Mpendwa shemeji Modest,

Tumsifu Yesu Kristo. Habari za Mwanza, na mgongo wako unaendeleaje? Ulipoondoka hapa ulikuwa huwezi kuinama bila kushika ukuta. Sisi Mungu ametuamsha. Mama yako Selina yupo, anakula vizuri, na kila akisikia basi linanguruma barabarani anauliza kama ni wewe, utadhani mabasi yote ya nchi hii yanatoka kwako. Mbaazi zimekubali mwaka huu. Hayo ndiyo mazuri, nimeyaweka mbele ili usiseme shemeji yako anajua kulia tu.

Utashangaa naandika wakati simu ipo. Nikwambie kweli. Nikikupigia, ukisema "haloo", ni Yohani yule yule. Mara mbili nimekata nikasingizia mtandao. Kwenye karatasi huna sauti, naweza kusema nawe mpaka mwisho. Barua nampa Martini, yule mtoto wa katekista, sasa ni kondakta wa basi la Mwanza, na amesema hata jibu lako ataleta.

Tarehe kumi na nne mwezi huu unatimia mwaka tangu ziwa Eyasi limchukue ndugu yako. Sasa Bernadina ameacha kazi ya kutandika vitanda hotelini, anasema atavua mwenyewe. Nikamwuliza, "Ziwa lile lile?" Akasema, "Mama, kwani kuna jingine karibu?" Unamjua mwanao, ana miaka ishirini na mitatu lakini ubishi wake una sitini. Nimemsemesha, nimemnyamazia, nimemfungia novena. Sasa nimechoka. Nimeona kama lazima aende, basi aende ndani ya kitu kizuri.

Ipo kambi ya watalii imefungwa huku, wanauza kayaki mbili, mitumbwi ya plastiki kama ule wa Yohani. Moja ya njano, ndefu, nyembamba kama mkuki. Nyingine ya kijani, fupi, imetanuka kama sinia. Bernadina anataka ya njano kwa sababu inakimbia. Mimi nataka ya kijani kwa sababu mimi ni mama. Wewe ndiye fundi wa vyombo vya majini katika ukoo huu wa wakulima, tuchagulie.

Na ile televisheni ya samaki uliyomletea Yohani, ile ya kuonyesha yaliyo chini ya maji, ninayo. Lembris, yule mfugaji wa ziwani, ndiye aliyeitoa kwenye mtumbwi siku ile, nikaikausha, nikaifunga kwenye kitenge. Bado inawaka. Unakumbuka walivyomcheka? "Ziwa la kupima kwa fimbo, yeye anaweka runinga!" Lakini mvua zile zilipolijaza ziwa likameza migunga yote ya ukingoni, ni Yohani peke yake aliyekuwa anaona visiki vilipo na kambare walipojificha, na nyavu zao ndizo zilizokuwa zinachanika. Tunaomba uje uifunge kwenye kayaki mpya kama ulivyoifunga kwenye ile ya kwanza. Sitaki mkono mwingine. Mkono wako ulimpenda.

La mwisho ndilo zito. Shemeji, watu wanasema alikuwa amelewa. Ziwa siku ile lilikuwa limetulia kama maziwa kwenye kibuyu, upepo haukuwepo, na mtumbwi ulikutwa umejaa maji. Wanasema mtu mwenye akili zake hazami kwenye maji yaliyolala. Hata kwenye jumuiya yetu wananiangalia nikitaja marehemu. Na unajua Yohani aliapa altareni, Kwaresima ya mwaka 2015, nikiwa nimemshika mkono, kwamba hataonja tena. Nyie mlikuwa mnaongea kila siku. Alikuwa amerudia? Niambie tu. Kujua nitakubeba, kutojua ndiko kunaniua.

Ni mimi shemeji yako,
Hyasinta, Mama Bernadina


Mwanza
Jumatano, 12 Machi 2025

Shemeji Hyasinta,

Salaam. Barua nimeipata, Martini alinifuata mpaka karakana. Mgongo bado, lakini nafanya kazi. Msalimie mama.

Kuhusu kayaki. Chukueni ya kijani. Nyembamba inakwenda mbio lakini ukigeuka kuvuta samaki inakugeuka nawe. Pana inachosha mikono ila inasimama. Kabla ya kulipa, iwekeni juani, mpitishe kiganja tumboni mwake pole pole, hasa pale inapoburutwa mchangani. Mkiona mstari mweupe kama kovu, plastiki imechoka. Mkiona mahali pameunguzwa moto kuzibwa, acheni. Kisha ijazeni maji ndani mpaka nusu, muiache kutwa nzima juu ya magogo. Chini pakibaki pakavu ni nzima.

Bernadina avae jaketi la kuokolea. Si la kulalia, la kuvaa. Afunge mikanda yote. Asiingie bila hilo hata kama maji yanamfika magotini. Ajifunze kuogelea kwanza, sisi watu wa milimani tunaingia majini kama tunaingia shambani.

Kuhusu kifaa. Ningeshauri mkiuze. Kama hataki kukiuza, kile kidude cha chini, jicho lake, kifungwe kwenye fito, fito ifungwe ubavuni kwa kamba, aishushe majini akitaka kuona na kuipandisha akimaliza. Waya upite juu. Asitoboe. Nasema tena, mtu yeyote asitoboe hiyo plastiki.

Mimi sitaweza kuja. Kazi ni nyingi, kuna boti tatu zinanisubiri.

Maneno ya watu yaache, shemeji. Watu husema.

Ni mimi,
Modest


Qurus
Jumapili, 30 Machi 2025

Shemeji Modest,

Tumsifu Yesu Kristo. Tunaendelea na Kwaresima, na wewe nakutakia Kwaresima njema huko kwenye samaki wengi ambako kufunga nyama si adhabu.

Tumechukua ya kijani. Tulifanya yote uliyosema, kiganja, jua, magogo, maji. Chini pakabaki pakavu kama ulimi wa mtu aliyefunga. Kisha tukaipeleka bwawani Bernadina aijaribu. Wanawake waliokuwa wanafua wakaacha nguo. Mmoja akaniita, "Mama Bernadina, mmenunua beseni la kuogea tembo?" Bernadina akajibu akiwa ndani, "Ingia wewe tuone kama linatosha!" Nilicheka, shemeji. Nilicheka mpaka nikashika tumbo, halafu nikakumbuka nikaona aibu.

Nikwambie na kingine cha kuchekesha. Wiki iliyopita nilishuka ziwani kumshukuru Lembris, yule mfugaji ambaye boma lake liko karibu na maji, aliyemtoa Yohani kwenye ile migunga. Sikuwa nimemshukuru sawasawa. Nikakuta mtumbwi wa Yohani uko zizini kwake, ameufanya hori la kunyweshea ndama! Akaona ninavyoutazama, akasema, "Mama, usikasirike. Nilifikiri ni hori nzuri, lakini hii mtumbwi yako iko na kiu kuliko ndama. Najaza asubuhi, mchana ndama wanalamba plastiki. Ile maji inatoka pale kwa tundu ya waya." Nikamwambia abaki nao, aweke hata mawe. Wakati mwingine naona Mungu anatumia watu kama Lembris kutukumbusha kwamba vitu ni vitu tu.

Kuhusu fito, fundi wa hapa mjini, wa pikipiki lakini ana mikono, amesema fito itanaswa kwenye visiki vile na kumpindua mtoto. Anasema njia salama ni kutoboa kama wewe ulivyotoboa. Nami nimemwambia apime kwenye picha ya mtumbwi wa Yohani niliyonayo, atoboe pale pale, azibe kwa gundi ile ile. Jumamosi ijayo tarehe tano, saa nne asubuhi, ndipo anatoboa, na siku hiyo hiyo Bernadina anashuka nayo ziwani na lori la vitunguu. Najua ulisema msitoboe. Nimefikiri umesema kwa uchungu, kwamba hutaki kuona tena chombo kinachofanana na kile. Naelewa. Lakini kazi yako ilikuwa nzuri, shemeji. Si kosa la kazi yako kwamba aliyekaa juu yake hakuwa na akili timamu.

Ndiyo, nimeandika. Sasa nimalize. Nilikuuliza kama alikuwa amerudia, nawe hukuandika neno hata moja la kumtetea. Mistari yote ya plastiki na jaketi, halafu "watu husema". Nilisoma mara nne. Nikaelewa kwamba nawe unajua, unanionea huruma.

Basi na mimi nikupe langu ambalo sijampa hata padri. Asubuhi ile alipokuwa anavaa, nilisikia harufu kwenye koti lake. Kali. Na Lembris aliponiletea lile koti, ambalo Yohani alikuwa ameliacha kwenye mchanga, mfukoni mlikuwa na rozari yake, mrija wa gundi uliokauka mdomo, na kichupa cha soda kimebaki robo. Nilikifungua nikanusa. Shemeji, ilinipanda puani mpaka machozi. Nilikwenda nacho chooni nikakitupa shimoni, nikarudi kwa waombolezaji nikaimba nao. Kwa hiyo wanaponong'ona, mimi ndiye ninayejua kwamba wanasema kweli. Misa ya mwaka sikuandikisha nia yake. Unadhani nilichelewa? Hapana. Sikuandikisha. Nikianza kumwombea naona amesimama altareni ameshika mkono wangu, na ulimi unakauka. Mtu aliyekudanganya akafa, utamkasirikia wapi?

Unitumie neno la kunifariji kama unalo.

Shemeji yako,
Hyasinta


Mwanza
Alhamisi, 3 Aprili 2025

Shemeji,

Martini ameshika barua hii mkononi, nimemwambia asiiweke kwenye begi. Nimepiga simu yako tangu asubuhi haipatikani, ya Bernadina nayo inaita tu. Kama unasoma hii kabla ya Jumamosi saa nne, simama, nenda mjini, mzuie fundi. Kisha kaa usome yaliyobaki.

Yohani hakunywa.

Ile si pombe. Ni spiriti, ile ya bluu ya kusafishia. Mimi nilimpa, kwenye kile kichupa cha soda, siku niliyomfungia kifaa. Nilimpa pamoja na mrija wa gundi iliyobaki.

Huku tunatengeneza mbao. Ukitoboa mbao kupitisha kitu, unaziba kwa pamba na lami, mbao inakunywa maji inavimba, tundu linajibana lenyewe. Miaka ishirini na sita nimetoboa hivyo. Nilipofika Qurus nikaona kayaki, nikaona chombo. Nikatoboa chini, nikapitisha waya, nikaziba kwa silikoni, ile wanayowekea vioo vya madirisha. Plastiki ile haivimbi, na haishiki gundi. Inaganda juu kama ugali kwenye sufuria iliyopakwa mafuta, ukiigusa inabanduka yote. Sikujua. Kile kidude hakikuhitaji hata kutobolewa, kinalazwa ndani kwenye grisi na kinaona chini kupitia plastiki yenyewe. Hilo nimeambiwa na mtu mmoja huku miezi miwili baada ya kumzika. Nilikuwa nimeshika patasi, niliiweka chini nikatoka nje.

Jumatano ile jioni Yohani alinipigia. Akasema, "Mdogo wangu, linachuruzika." Nikamwambia achukue spiriti, afute vizuri, apake tena. Alhamisi saa tatu akanipigia akiwa ziwani, akasema nimefuta, nimepaka, naingia? Gundi ile inataka siku nzima kukauka hata mahali inaposhika. Mimi nilikuwa juu ya boti ya mtu, nina haraka.

Nikamwambia, "Ingia."

Mwaka mzima nimelificha neno hilo. Uliponiandikia nije nifunge ya pili, sikulala. Nilitaka kuwaokoa kwa maneno ya kufundisha bila kusema kwa nini, hata la kukilaza ndani nililificha, msije mkauliza kwa nini ya Yohani niliitoboa. Na uliponiuliza kama alikuwa amerudia, nikaona mlango. Nikaona nikikaa kimya utaamini ni pombe, nami nitabaki ndugu. Nilimwacha kaka yangu aitwe mlevi ili mimi nisiitwe kitu kingine.

Yule Lembris alikwambia ukweli wote kupitia ndama wake, wewe ukaniandikia tucheke. Nilipofika hapo kwenye barua yako nilikaa sakafuni.

Sina neno la kufariji. Ninalo hilo tu. Hakunywa.

Modest


Karatu mjini
Jumatatu, 7 Aprili 2025

Baba mdogo Modest,

Shikamoo. Ni mimi Berna. Mama hajui kama nakuandikia. Namba yako nimepiga tangu Jumamosi, umezima. Samahani Alhamisi sikupokea, nilikuwa nalipia lori, nikaona ni wewe nikasema nitapiga baadaye.

Baba mdogo, uliandika nini?

Jumamosi tulikuwa kwa fundi, hapo barabarani magari ya watalii yanapopita kwenda Kreta ya Ngorongoro. Kayaki iko chini, fundi ameshaweka alama kwa chaki, ameshika mashine ya kutobolea. Martini akaja mbio, basi lao lilikuwa limeharibikia njiani siku nzima. Akampa mama barua. Mama akasoma akiwa amesimama. Akasoma tena. Halafu akavua viatu, akaingia ndani ya kayaki akaketi. Pale pale, katikati ya makopo ya oili.

Fundi akasema, "Mama, toka basi nifanye kazi." Hakusogea. Nikasema, "Mama, watu wanatuangalia." Watalii wakasimamisha gari wakapiga picha, dah, nilitaka ardhi ipasuke. Fundi akanong'ona, "Huyu mama yako ni mzima?" Nikamwambia, "Mzima kuliko wewe, zima hiyo mashine."

Alikaa mpaka saa nane. Ameshika kingo mbili kwa mikono miwili kama mtu aliye kwenye mawimbi. Mwisho nikaingia nikakaa mbele yake, magoti kwa magoti, ndipo akasema, "Baba yako hakunywa." Basi. Hilo tu. Nikasema, "Mama, mimi nilikuwa nakwambia siku zote." Akanipiga kofi, akanikumbatia, sijui kipi kilianza.

Barua ameiweka kifuani, haniruhusu kuisoma. Tundu halijatobolewa. Bibi anauliza tumekosana nini. Kama kuna jambo, niambie mimi, mimi si mtoto.

Mwanao,
Berna


Qurus
Jumapili ya Huruma ya Mungu, 27 Aprili 2025

Modest,

Sijui nianze kwa salamu ipi, kwa hiyo nakusalimu tu kama ninavyomsalimu mtu yeyote aliye mbali. Uwe mzima. Sisi wazima.

Bernadina ameniambia alikuandikia, na kwamba hukumjibu. Barua yako nimemsomea mwenyewe Alhamisi Kuu, sikuruka neno. Hakulia. Alichukua jembe akaenda kulima mpaka jua likazama, mahali ambapo palikuwa pameshalimwa.

Kwenye jumuiya nilisubiri Jumamosi kabla ya Matawi. Nilinunua spiriti ya bluu kwa fundi, nikaitia kwenye kichupa cha soda. Baada ya rozari nikasimama, nikasema, "Naomba kila mmoja anuse, ampe jirani." Mama mmoja, wa wale wasiokosa neno, akasema, "Hyasinta, unatunywesha nini Kwaresima hii?" Nikamwambia, "Nusa kwanza, dada." Kikazunguka. Kilipofika kwa katekista nikasema, "Hiyo ndiyo pombe ya Yohani. Alikuwa anasafishia mtumbwi uliovuja. Nyie mlisema amelewa kwa sababu hamkujua. Mimi niliamini kwa sababu nilinusa nikaona najua. Dhambi yangu ni kubwa kuliko yenu." Katekista akaanza kuimba, sauti ikamkatikia, akamalizia mama yako Selina, na yeye wimbo ule haujui vizuri.

Njiani akaniuliza, "Ni nani aliyeutoboa huo mtumbwi?" Nikasema fundi. Akasema, "Fundi gani?" Nikasema, "Atakuja mwenyewe." Alinitazama sana. Kisha akasema kwa lugha yetu kwamba Looaa, Mungu wa wazee wetu, anaona, akashika fimbo yake akatangulia. Nadhani anajua, Modest. Lakini mimi sitakubebea hilo. Utalisema wewe, kwa kinywa chako, umekaa mbele yake chini, si kwa barua na si kwa simu. Na usije na zawadi.

Bernadina ameingia ziwani Jumatano iliyopita. Jaketi alivaa, mikanda yote. Kifaa amekilaza ndani, hakuna aliyetoboa, na kweli kinaona. Nilikaa kwenye mchanga na wake wa Lembris nikihesabu kila alivyopiga kasia, nikapotea kwenye mia tatu na kitu. Alirudi na kambare wanne. Nilikula mmoja. Mwaka mzima nilikuwa siwezi kula samaki wa ziwa lile.

Kaburini nimekwenda. Nimepiga magoti nikamwomba radhi mume wangu kwa kumwita mwongo usiku na mchana. Misa imeandikishwa, jina lake limesomwa, Yohani, kwa sauti, na kanisa limeitikia.

Sasa wewe. Leo ni Jumapili ya Huruma, padri amehubiri vizuri, nami nilikaa benchi la mbele ili yanipate. Hayakunipata. Nikisali Baba Yetu nafika pale pa kuwasamehe waliotukosea, nanyamaza. Wenzangu wanapita, mimi nawangoja ng'ambo, kwenye kishawishi, tunaendelea pamoja. Mungu anasikia kwamba nimeruka, sijifichi. Tundu ningeshalisamehe, shemeji. Tundu lilikuwa ujinga, na wote sisi ni wajinga wa maji. Ni ule mwaka. Nilikuuliza kwa mkono wangu, alikuwa amerudia? Nawe ukaniandikia habari za jaketi.

Lakini siwezi hata kukuhukumu mpaka mwisho, kwa sababu nami sikukwambia lote. Asubuhi ile niliposikia ile harufu, Yohani aliinama akaniaga. Alisema, "Mama Bernadina, nakwenda." Nami niligeukia ukutani. Nilikuwa macho, Modest. Alisimama kidogo mlangoni, akangoja, kisha nikasikia pikipiki. Akaenda akidhani nimelala, au akijua sijalala. Hilo ndilo silijui, na hakuna wa kumwuliza.

Ila wewe ndiye uliyeongea naye baada yangu. Umeniandikia alivyokuuliza naingia, nawe ukasema ingia. Watu wawili wanaopendana hawaongei maneno mawili. Alianzaje? Alicheka? Alisema yuko salama nyumbani? Alinitaja? Hata kama alisema, "Shemeji yako leo amenuna," niandikie hivyo hivyo, usinipambie, nitajua ukipamba. Niandikie kila neno alilosema saa tatu ile kwa mpangilio wake, hata pale alipokohoa.

Martini anarudi huko Jumanne, anaondoka tena Alhamisi kuja huku. Tafadhali nijibu kwa basi hilo, usikawie.

Hyasinta